Anna May Wong, binti wa dobi kwenye sinema bubu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwaka 2022 Marekani ilitoa sarafu ya senti 25 yenye sura ya mwanamke aliyeegemeza kichwa mkononi, nywele zimekatwa sawasawa juu ya nyusi, na taa za bango la sinema zimemzunguka. Tangu hapo watu wengi wameanza kuuliza huyu ni nani. Maswali yaliyo hapa nimeyajibu mara nyingi kwa watu walioketi nami kutazama filamu zake, nikaona heri niyaweke mahali pamoja.

## Asili yake

Anna May Wong ni nani hasa?

Ni mwigizaji wa Marekani mwenye asili ya Kichina, na wa kwanza wa asili hiyo kuwa nyota wa Hollywood. Alizaliwa Los Angeles tarehe 3 Januari 1905, akafariki Santa Monica, jirani na alikozaliwa, tarehe 3 Februari 1961, akiwa na miaka 56. Alianza enzi za filamu zisizo na sauti, akavuka salama hadi filamu za sauti, akapanda jukwaani London na New York, na mwisho akaingia kwenye televisheni.

Hilo ndilo jina alilopewa na wazazi?

Hapana. Wazazi walimwita Wong Liu Tsong. Wong ni jina la ukoo, nalo kwa Wachina hutangulia. Liu ni ule mti wa matawi yanayoinama kandokando ya maji, na Tsong ni sakitu. Anna May Wong ni jina alilojitungia akiwa bado mtoto wa shule, hajawahi hata kusimama mbele ya kamera.

Familia yake ilikuwa ya wasanii?

Hata kidogo. Baba yake, Wong Sam Sing, alikuwa dobi. Mama yake aliitwa Lee Gon Toy. Udobi ulikuwa miongoni mwa kazi chache ambazo Wachina wa California waliachiwa wazifanye bila kusumbuliwa sana, na katika nyumba ya dobi hakuna mtoto anayekaa bure: kuna nguo za kufua, za kupiga pasi, za kukunja na za kupeleka kwa wenyewe. Yeye alikuwa mtoto wa pili. Hela ya chakula cha shuleni aliitumia kuingilia sinema, na mara nyingine shule yenyewe aliikimbia ili akatazame.

Baba hakuipenda njia hiyo. Uigizaji kwa wazee wa wakati ule haukuwa kazi ya binti wa watu. Hata nafasi yake ya kwanza aliipata kupitia rafiki wa baba aliyekuwa akifahamiana na watu wa filamu, na baba mwenyewe hakuambiwa.

Alikuwa Mchina au Mmarekani?

Hakuna swali ninaloulizwa zaidi ya hili, na yeye aliulizwa hilo hilo maisha yake yote. Kwa sheria alikuwa Mmarekani wa kuzaliwa, na baba yake pia alizaliwa California. Lakini mwaka 1882 Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia Wachina kuingia nchini, na kwa sababu ya sheria hiyo hata aliyezaliwa humo, maadamu ana asili ya Kichina, alipotaka kusafiri ilimbidi kwanza ajaze fomu za uhamiaji na kuhojiwa, ili akirudi asifungiwe mlango. Anna May Wong alizijaza fomu hizo akiwa tayari nyota ambaye picha zake zilibandikwa kwenye kuta za miji ya Ulaya. Sheria ile ilifutwa mwaka 1943, naye alikuwa ameshatimiza miaka 38.

## Enzi za filamu bubu

Filamu bubu ni nini, na watu walizielewaje bila maneno?

Ni filamu zilizotengenezwa kabla ya sauti kurekodiwa pamoja na picha, yaani hadi mwisho wa miaka ya 1920. Ukumbini hakukuwa kimya, kwa kuwa kulikuwa na mpiga piano au kinanda, na kumbi kubwa zilikuwa na bendi nzima. Maneno machache yaliyohitajika yaliandikwa kwenye kadi zilizopachikwa katikati ya picha. Mengine yote yalibebwa na uso, mabega, mikono na mwendo.

Utaratibu huo ulikuwa na faida moja ambayo leo tumeisahau. Filamu ilivuka mpaka wa lugha kirahisi mno: unabadilisha kadi tu, na filamu iliyotengenezwa Los Angeles inaonyeshwa Berlin. Bila kulijua hilo ni vigumu kuelewa jinsi binti huyu alivyopata mashabiki Ujerumani kabla hajajua Kijerumani.

Alianzaje?

Mwaka 1919, akiwa na miaka 14, alikuwa mmoja wa wasichana wa Kichina waliokodiwa kwa mamia kujaza umati katika filamu The Red Lantern. Alibeba taa, basi. Jina lake halikuandikwa popote. Baada ya hapo alipata vipande vidogo vidogo, na mwaka 1921 aliacha shule ili ashike kazi hiyo moja kwa moja. Mwaka huo huo jina lake lilionekana kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya waigizaji, katika filamu Bits of Life, ambamo alikuwa mke wa mhusika aliyeigizwa na Lon Chaney, nyota wa filamu bubu.

Filamu gani ilimtoa?

The Toll of the Sea, ya mwaka 1922. Alikuwa na miaka 17 na ndiye mhusika mkuu. Anaigiza Lotus Flower, msichana wa Kichina anayemkuta Mmarekani ametupwa na bahari ufukweni. Wanapendana, wanahesabiana kuwa mume na mke, kisha mwanamume anarudi kwao na kumwacha na mimba. Anaporejea baada ya miaka, yuko na mke wa Kizungu.

Tukio ninalomwomba kila mtu alitazame kwa makini ni lile la kumkabidhi mtoto. Mama anamwambia mwanawe kwamba yule bibi mgeni ndiye mama yake wa kweli, na kwamba yeye alikuwa yaya tu. Hapigi kifua, hajitupi chini, kama walivyozoea waigizaji wengi wa wakati ule. Anamtengeneza mtoto vizuri, anajaribu kutabasamu, na machozi yanashuka huku uso umetulia. Binti wa miaka 17! Nimeitazama filamu hii na watu wasiojua kusoma kadi za Kiingereza, na walipofika hapo hakuna aliyeomba atafsiriwe.

Mwaka 1922 kulikuwa na filamu za rangi kweli?

Ndiyo, na The Toll of the Sea ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za kampuni ya Technicolor. Kamera iligawa mwanga kwa kioo maalumu, sehemu moja ikanasa wekundu na nyingine ukijani, kisha nakala mbili nyembamba zikagandishwa mgongo kwa mgongo kuwa mkanda mmoja. Rangi zilikuwa mbili tu, kwa hiyo bluu halisi haikuwezekana. Bahari inaonekana ya kijani kijani, ilhali maua ya bustani na nguo zake za hariri zinang'aa kama zimepakwa rangi jana.

Ni kweli mwisho wa filamu hiyo ulipotea?

Ni kweli. Kipande cha mwisho, ambamo Lotus Flower anajitoa kwa bahari, hakikupatikana. Wataalamu wa hifadhi ya filamu ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipoikarabati mwaka 1985, walichukua kamera ya zamani ya rangi mbili, wakaenda ufukweni na kupiga picha mawimbi na machweo. Mawimbi unayoyaona mwishoni ni ya mwaka 1985. Kwa maoni yangu walifanya jambo la heshima, kwa sababu hawakuthubutu kuweka mwanamke mwingine mahali pake.

Katika The Thief of Bagdad aliigiza nani?

Filamu hiyo ya 1924 imechotwa kwenye hadithi ambazo sisi tunazijua kama Alfu Lela Ulela, na mwizi mwenyewe ni Douglas Fairbanks. Anna May Wong ni mjakazi wa Kimongolia katika jumba la binti mfalme, na ni kibaraka wa adui. Nafasi ni ndogo, lakini ilimfanya ajulikane dunia nzima. Picha yake akiwa amesimama wima, mwizi amemwekea ncha ya jambia mgongoni, bado inachapishwa hadi leo.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama yake. Kuanzia hapo studio zilimwona kwa sura mbili tu: msichana mpole anayeachwa, au mwanamke mjanja anayesaliti.

Kwa nini karibu kila filamu anakufa?

Watu wengi huona ni mtindo wa hadithi za zamani. Sababu ni ya sheria. California ilipiga marufuku ndoa kati ya Mzungu na mtu wa asili ya Kichina, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1948. Studio nazo zilijiwekea kanuni za maadili, zilizoandikwa rasmi mwaka 1930 na kusimamiwa kwa ukali kuanzia 1934, zilizokataza mapenzi ya watu wa rangi tofauti. Kwa vitendo ilimaanisha kwamba hawezi kubusiwa na mwigizaji wa Kizungu, na waigizaji wakuu wa kiume karibu wote walikuwa Wazungu.

Sasa jiweke mahali pa mwandishi wa filamu. Una mwanamke anayevutia kuliko wote waliomo, mtazamaji anamtaka, lakini huruhusiwi kumwoza. Utampeleka wapi? Alizama baharini, alichomwa kisu, alipigwa risasi, alijiua. Kila kifo kilikuwa njia ya mkato ya kumwondoa ili shujaa wa Kizungu abaki na wa kwao. Yeye mwenyewe alilijua hilo vizuri. Mwaka 1933 alilalamika waziwazi katika mahojiano na gazeti la Uingereza kwamba amechoshwa na filamu zinazomfanya Mchina kuwa mwovu kila mara.

Ni kweli waigizaji wa Kizungu walijigeuza Wachina huku yeye akiwa pembeni?

Kweli kabisa, na kwa mkanda wa gundi pembeni mwa macho. Katika Mr. Wu ya 1927 binti wa Kichina aliigizwa na Renée Adorée, Mfaransa, naye Anna May Wong akawa mtumishi wake. Mwaka 1928, katika The Crimson City, nafasi kubwa ya mwanamke wa Kichina alipewa Myrna Loy, mzaliwa wa Montana. Baada ya hapo Anna May Wong alifunga mizigo.

## Ulaya na kuja kwa sauti

Alifuata nini Ulaya?

Nafasi. Mwaka 1928 alikwenda Berlin kufanya kazi na mwongozaji Richard Eichberg, na filamu yao ya kwanza, Song, ilimpa jambo ambalo Hollywood ilimnyima tangu The Toll of the Sea: kuibeba hadithi nzima. Alijifunza Kijerumani, baadaye Kifaransa. Mwanafalsafa Walter Benjamin alimhoji na kuandika juu yake. Ipo pia picha maarufu ya Alfred Eisenstaedt, iliyopigwa kwenye dansi mjini Berlin, ambamo amesimama na Marlene Dietrich, nyota wa Kijerumani aliyekuja kumpinga Hitler, na Leni Riefenstahl, aliyekuja kumtengenezea Hitler filamu, kabla dunia haijajua kila mmoja wao ataelekea wapi.

Piccadilly ina nini hata isifiwe hivyo?

Ni filamu ya London, ya mwaka 1929, ikiongozwa na Mjerumani E. A. Dupont, na ni ya mwisho kati ya filamu bubu zake kubwa. Anaigiza Shosho, msichana wa kuosha vyombo kwenye jiko la klabu ya usiku.

Wageni wanalalamika juu ya sahani chafu. Mwenye klabu anashuka ngazi kutafuta kosa, anapita jiko moja baada ya jingine, hadi chumba cha kuoshea vyombo. Humo, katikati ya mvuke na marundo ya sahani, Shosho yuko juu ya meza anacheza, na wenzake wamemzunguka wakimtazama. Soksi zake zimetoboka. Anacheza polepole, kwa nyonga na viganja, wala hamchezei mtu. Kamera inasahau kabisa kwamba ilikuja kutafuta uchafu. Kwenye matangazo nyota mkuu alikuwa Gilda Gray, lakini ukimaliza kuitazama unabaki unamkumbuka mwosha vyombo.

Hata huko, tukio la yeye kubusiana na mwenye klabu lilikatwa, na mwishoni Shosho anauawa. Kwa sababu yake, soma swali la vifo hapo juu.

Sauti ilipoingia, kazi yake iliharibika?

Haikuharibika, ingawa alitikisika. Mwaka 1929 alipanda jukwaani London katika tamthilia A Circle of Chalk, pamoja na kijana aliyeitwa Laurence Olivier, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji mashuhuri wa Uingereza. Wahakiki walimcheka kwa lafudhi: walitarajia sauti ya "Kichina", wakasikia msichana wa California. Alilipa fedha nyingi kwa mwalimu wa sauti, akarudi na Kiingereza cha Waingereza hasa.

Kisha akafanya jambo ambalo sijaona likisifiwa vya kutosha. Wakati ule kuingiza sauti za lugha nyingine juu ya filamu hakukuwa kumestawi, kwa hiyo filamu moja iliigizwa upya kwa kila lugha, mandhari yale yale, waigizaji wengine. Filamu yake ya kwanza ya sauti, mwaka 1930, ilitengenezwa kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, na yeye aliigiza zote tatu.

Mwaka huo huo alikuwa Broadway, kwenye kumbi za tamthilia za New York, alipopata habari kwamba mama yake amegongwa na gari mbele ya nyumba yao Los Angeles, akafa.

Filamu yake ya sauti inayofaa kutazamwa ni ipi?

Shanghai Express ya 1932, pamoja na Marlene Dietrich. Anaongea maneno machache, na utaona wazi shule ya filamu bubu: anapotulia kwenye kiti cha treni akicheza karata, jicho linamwendea yeye. Kwa anayetaka kumwona akiwa shujaa, halafu yuko hai mwishoni, kuna Daughter of Shanghai ya 1937, ambamo mwenzake mkuu ni Philip Ahn, mwenye asili ya Kikorea.

## Mambo yanayobishaniwa

Alikataa nafasi kuu katika The Good Earth?

Hapana, watu huigeuza habari hii. Studio ya MGM ilipoamua kutengeneza filamu ya riwaya ya mwandishi Mmarekani Pearl Buck kuhusu wakulima wa China, yeye aliitaka nafasi ya O-Lan, mke wa mkulima, kwa moyo wote. Mume alipewa Paul Muni, Mzungu, na kanuni zile zile zikafunga mlango. Alichotakiwa afanye ni Lotus, mke mdogo anayevuruga nyumba. Alijibu kwamba akipewa O-Lan atafurahi, lakini wanamwomba mwenye damu ya Kichina acheze mtu mbaya katika filamu ambayo Wachina wengine wote ni Wazungu. Nafasi ya O-Lan alipewa Luise Rainer, Mzungu pia, naye akapata tuzo ya Oscar.

Wachina wenyewe walimpenda?

Walimpenda na walimkasirikia. Mwaka 1936 alikwenda China kwa mara ya kwanza, akapokewa na umati wa watu, lakini magazeti yalimsuta kwa nafasi za aibu alizocheza. Alijieleza kwamba kama asingezikubali, wangepewa wengine. Lugha aliyoijua nyumbani ilikuwa ya kusini, kwa hiyo Beijing ilibidi ajifunze Kimandarini kama mgeni mwingine yeyote. Alimtembelea pia baba yake, aliyekuwa amerudi kijiji cha ukoo karibu na Taishan. Ni maumivu makubwa kuambiwa huku kwamba wewe ni Mchina mno na kule kwamba si Mchina vya kutosha.

Vita vya Japani dhidi ya China vilipopamba moto, alichangisha fedha kwa wakimbizi, na malipo ya filamu zake mbili za 1942 aliyatoa kwa ajili ya China.

Kwa nini hakuolewa?

Kuolewa na Mzungu kwao California kulikatazwa (tazama swali la vifo). Na hadi mwaka 1931 mwanamke wa Marekani aliyeolewa na mwanamume aliyezaliwa China angeweza kupoteza uraia wake. Uvumi kuhusu wapenzi wake ni mwingi, na sioni haja ya kuurudia hapa.

Vipindi vyake vya televisheni vinapatikana?

Havipatikani. Mwaka 1951 aliigiza mmiliki wa majumba ya sanaa anayepeleleza uhalifu, katika The Gallery of Madame Liu-Tsong ya kituo cha DuMont. Ulikuwa mfululizo wa kwanza wa televisheni Marekani kuongozwa na mwigizaji mwenye asili ya Asia, na mhusika alipewa jina lake la nyumbani. Kanda nyingi za kituo hicho ziliharibiwa.

Nianze na filamu ipi, na nizitazameje?

Anza na The Toll of the Sea, haifiki saa moja na inapatikana bure kwenye intaneti. Kisha Piccadilly. Tafuta nakala zilizokarabatiwa: nakala mbovu huenda mbio kwa sababu kamera za wakati ule zilipiga picha chache zaidi kwa sekunde, na watu wakidhani ni uigizaji wa kukurupuka wanamwonea bure. Usizime muziki. Na weka simu mbali, maana ukiinama sekunde tatu umekosa macho yake.

Ni kweli kaburini kwake pameandikwa "alikufa mara elfu"?

Hapana. Yeye mwenyewe alisema kwamba akifa maneno hayo ndiyo yangefaa kuandikwa, kwa jinsi alivyouawa katika filamu. Amezikwa makaburi ya Angelus-Rosedale, Los Angeles, pamoja na mama yake. Juu ya jiwe kuna jina la mama kwa herufi za Kilatini, na pembeni, kwa maandishi ya Kichina, jina lile alilopewa nyumbani.